Maji ya Majivu kwa Rimu za Babu

Kisii Mjini,
18 Mei 2025.

Kwako Kemuma,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata wewe tulipokuwa tukikaa dawati moja darasa la nane. Kila Jumapili jioni, babu akisharudi kutoka Tabaka na kuingia ndani kunywa chai, mimi hubeba ndoo hadi uani nyuma ya duka na kuosha rimu za mbele za gari lake. Baba anaamini kwamba ninasoma. Babu anaamini kwamba gari lake halichafuki.

Nitakueleza tangu mwanzo, kwa sababu nimechoka kulibeba peke yangu.

Gari unalikumbuka. Lile jeupe la Kijerumani, la mwaka wa 1973, ambalo sote tulikatazwa kuliegemea. Rimu zake hazikupakwa rangi. Ni alumini iliyotiwa anodi: kiwandani waliizamisha kwenye asidi, wakapitisha umeme, na alumini yenyewe ikaota ngozi nyembamba, ngumu, yenye mng'ao uliotulia. Babu hupenda kunionyesha rimu hizo kama watu wengine wanavyoonyesha picha za arusi.

Babu ana kisukari, hilo kila mtu analijua. Wasilolijua ni kwamba mguu wake wa kulia umekufa ganzi. Kiatu kikimtoka mguuni hana habari. Gari ni otomatiki, kwa hiyo mguu wa kushoto hauna kazi nyingine, naye huuacha juu ya breki njia nzima kwa sababu huo ndio mguu anaouamini. Breki zinasagika. Unga wake unarukia rimu zikiwa moto na kugandia hapo. Unga huo una chembe za chuma, na chembe zikipata unyevu hushika kutu, basi rimu zinakuwa za kahawia kama sufuria iliyounguza maharagwe.

Mwezi uliopita fundi Mathew alimwambia baba, nami nimesimama pale na kikombe chake cha chai: "Ravi, rimu za mbele zikirudi kahawia kwa Jumapili moja tu, ujue mguu wa mzee umelala kwenye breki. Siku moja zitachemka pale mteremkoni, akanyage na zisishike." Baadaye baba akaniambia mimi, hakumwambia babu, "Nikiziona hivyo tena, ninachukua ufunguo." Na kila Jumatatu akifungua duka hupitia uani kwanza, akainama, akazitazama.

Najua utasema auchukue. Lakini tangu nyanya Ramila afariki, babu hasemi. Hukaa nyuma ya kaunta kati ya misumari na rangi, mteja akiuliza kitu ananyoosha kidole. Ni Jumapili tu, tukishatoka mjini kwenda Tabaka kumwona rafiki yake Ochoki, mchonga mawe, ndipo anapoanza. Ananisimulia jinsi barabara ile ilivyokuwa ya udongo, na jinsi nyanya alivyokataa kuolewa naye mara mbili. Mimi nisiyeweza kunyoosha mkono darasani, ndani ya gari hilo huongea mpaka koo linakauka. Akinyang'anywa ufunguo nitabaki na mzee aliyekaa kwenye kiti.

Sasa maji na sabuni ya kuogea havitoi tena kahawia hiyo. Kitabu cha gari kinasema nitumie sabuni isiyo kali, maji mengi na subira. Subira sina. Nina muda wa babu kunywa chai hadi baba arudi kutoka hekaluni. Kwenu mnasafisha vipi vitu vilivyoungua?

Barua hii utaletewa na shangazi yako Orpah akileta ndizi za jikoni ya shule yenu, kwa hiyo mwalimu wa zamu hataifungua. Ichome ukimaliza.

Rafiki yako,
Sneha.


Ekerenyo,
23 Mei 2025.

Sneha wangu,

Sikuichoma. Niliikunja nikaitia ndani ya soksi, na soksi nikaivaa. Kwingine kote hupekuliwa.

Kwanza, wewe unaandika barua kama mtu anayejibu karatasi ya pili ya kemia. "Chembe zikipata unyevu hushika kutu." Ashley, anayelala kitanda cha juu yangu, alinikuta nikicheka akauliza ni barua ya mvulana gani. Nilimwambia ni ya mvulana anayeitwa Breki.

Lakini baada ya kucheka nililala macho wazi. Babu yako ninampenda. Unakumbuka siku matokeo yalipotoka akanipeleka nyumbani kwa gari hilo? Mama alitoka jikoni mikono ina unga, akadhani nimekamatwa au nimeolewa. Halafu mzee akashuka, akamsalimu kwa Kikisii kilichonyooka mpaka mama akamuuliza yeye ni wa ukoo gani. Mama husimulia hilo mpaka leo.

Sasa sikiliza. Kwetu hatununui sabuni ya kusugulia. Unakausha maganda ya ndizi juani, unayachoma, majivu unayatia kwenye kopo lililotobolewa chini na kumimina maji polepole. Yanayodondoka ni ya rangi ya chai ya rangi. Mama hutia kijiko kimoja kwenye chinsaga ili mboga ilainike na uchungu upungue, na yanayobaki husugulia masufuria. Masizi ya mwaka mzima hutoka bila kubishana. Nimemwomba shangazi Orpah akupe chupa moja. Paka, yaache yakae, kisha mwagia maji. Hayana kitu cha dukani ndani yake. Ni ndizi tu.

Kuhusu babu kuendesha hivyo, sijui niseme nini. Ni hatari kweli, au ni mafundi wanapenda kutisha watu? Wewe ndiye unayekaa kando yake. Ukisema si mbaya sana, nitakuamini.

Wako,
Kemuma.


Kisii Mjini,
2 Juni 2025.

Kwako Kemuma,

Chupa niliipata na jana niliitumia. Naandika hii nikiwa maktaba, nimejificha nyuma ya atlasi.

Babu alipoingia ndani nilikwenda moja kwa moja kwenye magurudumu. Rimu zilikuwa bado moto, maji yalipogusa yalitoa mvuke. Nilipaka maji yako kwa kitambaa, nikaenda kumwongezea babu kikombe cha pili ili asitoke, nikarudi. Kemuma, kahawia yote ilikuwa inashuka kama uji. Nilimwagia maji, rimu ikang'aa, nami nikapiga magoti pale kwenye simiti nikalia kwa furaha. Nikafanya na ya pili, nayo nikaiacha muda mrefu zaidi.

Kisha zikakauka.

Zimekuwa nyeupe. Si safi, nyeupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi, na chini kuna michirizi mahali maji yalipodondoka. Nilifuta kwa kitambaa. Nilifuta kwa sweta langu. Nilikwaruza kwa ukucha. Weupe hauko juu ya rimu, umo ndani yake.

Nilikuwa ninasuuza ndoo nilipokumbuka. Kidato cha kwanza tulitia karatasi ya litmasi kwenye maji ya majivu ikageuka buluu. Na mwaka huu tumejifunza kwamba oksidi ya alumini huliwa na asidi na huliwa na alkali vilevile. Ngozi ile ya rimu ni oksidi ya alumini. Swali hilo lilikuja katika mtihani nami nikapata alama zote. Nilikuwa nayo majibu yote mawili kichwani na sikuwahi kuyaweka pamoja.

Leo asubuhi baba aliinama kama kawaida. Nilisimama mlangoni nimevaa sare, mkoba mgongoni.

"Zimepauka," akasema.

"Labda ni jua, baba."

Alipitisha kidole, akakitazama. Kilikuwa kisafi. "Angalau si kahawia," akasema, akaenda kufungua duka, na ufunguo ukabaki kwenye msumari wake.

Kwa hiyo ninapaswa kufurahi. Babu mwenyewe hajaona, macho yake hayafiki chini hivyo. Lakini ninajua itakavyokuwa siku atakapoona.

Uliniuliza kama ni hatari kweli. Si mbaya sana.

Rafiki yako,
Sneha.


Ekerenyo,
6 Juni 2025.

Sneha,

Nimesoma barua yako mara nyingi nikitafuta mahali unaponitukana, na hukunitukana popote, na hilo limenikera zaidi. Mimi ndiye niliyekutumia sumu ndani ya chupa ya soda na kuandika kwamba ni ndizi tu. Sisi pia huku tulifanya litmasi kidato cha kwanza. Nilikuwa nimeishika karatasi yenyewe.

Nilikwenda kwa mwalimu wa kemia. Usiogope, sikukutaja. Nilimwambia kuna mtu ana sufuria ya alumini yenye anodi, akaioshea maji ya majivu ikapauka, afanye nini arudishe mng'ao. Aliweka kalamu chini. Anasema ngozi ikishaliwa hairudi kwa kupakwa kitu wala kusuguliwa. Ni kiwanda tu kinachoweza kuivua yote na kuiotesha upya. Kinachowezekana nyumbani ni kuhifadhi iliyobaki: kiache chombo kipoe kabisa, kikae kivulini, kimwagiwe maji mengi ili mchanga utangulie kutoka, kisha sabuni ambayo haibadilishi litmasi nyekundu wala ya buluu, brashi laini, kimoja kimoja, kisuuzwe kabla sabuni haijakauka na kufutwa kwa kitambaa cha pamba. Hakuna asidi, hakuna magadi, hakuna msasa, hakuna waya wa kusugulia. Doa likikataa, libaki. Anasema afadhali doa kuliko jeraha.

Kisha akauliza, "Na sufuria hiyo inaunguzwa na nani kila wiki?"

Nilianza kuondoka. Akasema, "Kemuma, mpelekee mwenye sufuria swali hilo." Basi nimekuletea.

Habari za nyumbani: mama ameanza kuuza ndizi Suneka siku za Jumapili, kando ya barabara ya Tabaka, mteremko unapoishia. Shangazi Orpah humpunguzia ndizi za mzigo wake. Mkipita pigeni honi, na umwambie mzee asimame anunue. Mama atamuuliza tena ukoo wake.

Nisamehe.
Kemuma.


Kisii Mjini,
16 Juni 2025.

Kwako Kemuma,

Hujambo? Mimi sijambo. Natumaini masomo yanaendelea vizuri.

Nimefuata maagizo ya mwalimu wako. Nilichukua sabuni kadhaa kutoka rafu za duka letu, nikaziyeyusha kila moja kwenye kikombe chake, nikazijaribu kwa litmasi niliyopewa na mwalimu wa maabara. Sabuni ya unga na ile ya vyombo zote ziligeuza nyekundu kuwa buluu. Ile ya kuogea watoto wachanga haikubadilisha chochote, kwa hiyo ndiyo niliyoitumia.

Jana nilisubiri rimu zipoe. Gari lilikuwa kivulini. Nilimwaga maji mengi kwanza. Rimu ya mbele ya kushoto ilikuwa na uchafu mwingine kidogo, si wa breki, ukatoka kwa maji tu. Kisha nilitumia brashi ya nywele ya mtoto, polepole, kutoka juu kwenda chini, nikasuuza, nikafuta. Kahawia haikutoka yote. Niliiosha ile ya kushoto mara mbili. Hazikuzidi kupauka. Mwalimu wako alisema kweli.

Baba alizitazama leo asubuhi akasema kuna kahawia kidogo pembeni. Nilimwambia ni ya zamani. Alinitazama mimi kuliko alivyotazama rimu, kisha akaenda kufungua duka.

Hakuna jipya lingine.

Mama yako hajambo? Ukienda nyumbani likizo fupi, niandikie kama hajambo. Niandikie upesi.

Rafiki yako,
Sneha.


Ekerenyo,
30 Juni 2025.

Sneha,

Umeniuliza kama mama hajambo. Nilidhani ni adabu.

Nilifika nyumbani Alhamisi. Mama alikuwa amekaa mlangoni anamenya viazi kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa kwa kitenge, umevunjika juu kidogo ya kiganja. Nilimuuliza ameanguka wapi, akasema ni gari tu, lilikuja karibu mno, likapita juu ya beseni la ndizi, naye akarukia mtaroni. Nikauliza gari gani. Akasema magari ni mengi. Nikauliza rangi. Akaendelea kumenya viazi.

Ni mdogo wangu aliyesema, "Si ni lile jeupe la yule mzee anayeongea Kikisii."

Nilikaa chini pale pale, juu ya maganda.

Mama anasema halikuwa likikimbia. Anasema lilikuja kama kitu kilichosahau kusimama. Alimwona mzee ameshika usukani kwa mikono yote miwili, anatazama mbele. Na akakuona wewe. Anasema uligeuza kichwa ukamwangalia mpaka mkapinda kona. Nilipoanza kutafuta karatasi akanishika kwa mkono wake mzima akaniambia, "Usimwandikie mtoto wa watu maneno makali. Alikuwa na uso wa mtu anayezama."

Kwa hiyo siandiki maneno makali. Naandika yale yaliyotokea.

Ulikwenda nyumbani ukasubiri rimu zipoe. Ukamwaga maji mengi kwanza. "Uchafu mwingine kidogo, si wa breki, ukatoka kwa maji tu." Huo ni mzigo wa mama yangu, Sneha. Uliuosha, na kesho yake ukaniandikia habari za sabuni ya watoto.

Na usidhani ninakulaumu wewe peke yako, maana hapo ndipo nisipopata usingizi. Kama rimu zingebaki kahawia ile Jumatatu ya Juni, baba yako angechukua ufunguo. Hazikubaki. Zilitolewa kwa maji yangu. Mimi ndiye niliyemwacha babu yako barabarani, kisha nikamtuma mama akakae mteremko unapoishia.

Siku zote za likizo nimemfunga mama kilemba kila asubuhi, kwa sababu mkono mmoja haufungi. Hapendi nikikaza sana. Jumapili alirudi kuuza. Nilimwomba asiende akasema ndizi hazingoji mfupa. Alikaa mahali pale pale. Nilikaa naye nikitazama juu ya mteremko, na kila gari jeupe lililotokea lilinisimamisha. Lenu halikupita. Lakini Jumapili ijayo mimi nitakuwa shuleni, na yeye atakuwa pale, na mguu wa babu yako utakuwa umekufa ganzi vilevile.

Uliniambia si mbaya sana. Nilikuamini.

Kemuma.


Kisii Mjini,
7 Julai 2025.

Kwako Kemuma,

Shangazi Orpah alinipa barua yako Alhamisi. Hakunitania kama kawaida. Alisema, "Soma ukiwa umekaa." Niliisoma nimesimama, ghalani, kati ya mabati na mikebe ya rangi.

Nitakuandikia nilichofanya. Sitakuomba unisamehe katika barua hii, kwa sababu ningekuwa ninakupa kazi nyingine.

Lakini kwanza yale niliyokuficha. Nilipoandika kwamba si mbaya sana, jana yake babu alikuwa amekanyaga breki kwenye mteremko wa Suneka na gari likaendelea kushuka kwa muda kabla ya kutii. Kulikuwa na harufu ya kitambaa kinachoungua. Yeye alicheka, na mimi nikacheka ili asione kwamba nimeshika mlango. Wiki mbili baadaye harufu ilikuja mapema zaidi. Alikanyaga, nikasikia mguu wake ukigonga chini kabisa. Nilimwona mama yako kabla hatujamfikia. Nilimtambua. Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, kama darasani. Kisha kishindo. Babu akauliza, "Ni nini hicho, beta, mwanangu?" Niligeuka, nikamwona mama yako akiinuka mtaroni kwa miguu yake mwenyewe. Nikasema, "Ni jiwe, babu." Alishukuru Mungu akaendelea kunisimulia habari za nyanya.

Hayo ndiyo niliyoyafanya. Sasa haya ndiyo niliyoyafanya baada ya barua yako.

Nilimwendea babu kwanza. Alikuwa kwenye kiti chake cha jioni, amevua viatu. Nilisema, "Babu, kule Suneka halikuwa jiwe."

"Ulisema jiwe."

"Nilidanganya."

"Aliamka?"

"Aliamka. Mkono umevunjika. Ni mama yake Kemuma."

Alifumba macho. "Yule aliyeniuliza ukoo," akasema. Kisha akasema atakwenda mwenyewe Jumapili kumwomba radhi, na nilipouliza atakwenda na nani, akasema atakwenda na gari lake, yeye si mgonjwa, tatizo ni breki za siku hizi.

Nilimwomba aendelee kufumba macho. Nilitoa kalamu mfukoni nikaisukuma kwenye kidole kikubwa cha mguu wake wa kulia. Nilisukuma mpaka ngozi ikabonyea. Nikamwuliza ni kidole gani.

"Anza basi," akasema.

Nikasukuma kingine kwa nguvu zaidi.

"Sneha, anza."

Alipofumbua macho aliona kalamu mahali ilipokuwa. Baadaye akanishika mkono, akasema, "Usimwambie Ravi. Nipe Jumapili moja tu. Nitakwenda polepole, nitapita njia ya nyuma. Moja tu, beta." Hajawahi kuniomba kitu maishani mwangu. Ni yeye aliyekuwa akinipa.

Nilimwambia hapana. Aliurudisha mkono wake.

Nikaenda dukani. Baba alikuwa anampimia mteja waya. Nilijua nikingoja mteja aondoke sitasema, kwa hiyo nilisema mteja akiwepo. Nilisema yote: ndoo, maji ya majivu, "labda ni jua", harufu, jiwe, mama yako, kalamu. Nilisema kwa sauti ambayo sijui ilitoka wapi, maana mteja alirudi nyuma hatua moja. Baba hakunipigia kelele. Alikata waya, akamkabidhi mteja, akafunga mlango wa duka kabla ya saa ya kufunga. Akatoa ufunguo kwenye msumari akautia kwenye mfuko wa shati. Kisha akaenda uani akasimama mbele ya rimu. Nilimfuata nikasimama nyuma yake. Alichosema ni, "Niliziona zimepauka. Nilijua jua halifanyi hivyo. Nilitaka kukuamini." Na akaanza kulia, baba yangu, ambaye sijawahi kumwona akilia hata siku nyanya alipofariki.

Ijumaa alikwenda kwenu na pikapu ya duka, akampeleka mama yako hospitali. Mfupa ulikuwa umeanza kuunga vibaya, wamelazimika kuunyoosha upya kabla ya kutia plasta. Nadhani umeshaambiwa. Aliniuliza kama nataka kwenda naye, nikasema nitakwenda mwenyewe.

Babu hajaniambia neno tangu Alhamisi. Si kwamba amenyamaza kama zamani. Anazungumza na baba, juzi alizungumza hata na mteja. Ni mimi asiyezungumza nami. Nikiingia anageuzia kiti ukutani. Jumapili asubuhi alivaa shati lake la safari, akakaa nalo mpaka saa sita, akalivua. Nilichokiogopa ndicho kilichotokea, kasoro moja: yeye hakunyamaza kwa huzuni, alinyamaza kwa sababu yangu. Sijui kama kitaisha. Ningekuandikia kwamba nimefanya vizuri, lakini nikiupita mlango wake sihisi hivyo.

Baada ya babu kulivua shati nilikwenda Suneka. Mama yako alikuwa pale, plasta nyeupe, mwavuli mkubwa ameuegemeza begani kwa sababu mkono wa pili ulikuwa unapokea wateja. Nilisimama mbele yake kama mteja.

"Uliangalia nyuma," akasema.

"Niliangalia."

"Mbona hukushuka?"

Nilimwambia ukweli, ingawa ukitamkwa unakuwa mdogo. Nilimwambia niliogopa babu angeacha kuzungumza nami.

Alifikiri. "Na sasa anazungumza nawe?"

"Hapana."

Hakuniambia kwamba si kitu. Alijisogeza kwenye benchi. "Kaa, mwanangu, omwana one. Shika mwavuli, bega langu limechoka. Na uite wateja, mimi jua limenikausha koo."

Nilimwambia siwezi kuita watu, sauti yangu haitoki.

"Juzi baba yako aliniambia ilitoka," akasema.

Nilikaa. Nikashika mwavuli. Mara ya kwanza niliposema "ndizi mbivu" hata mbwa aliyelala pale hakuinua kichwa, na mama yako akasema, "Unamnong'oneza nani, ndizi zenyewe?" Nikaita tena. Niliita mpaka zikaisha, kisha nikabeba beseni nikamsindikiza hadi nyumbani, na kabla sijaondoka aliniinamia nikamfunga kilemba upya, bila kukaza.

Sneha.